Kiti cha Hakimu Dirishani

Siku yangu ya kwanza katika mahakama ya Kitale nilivaa viatu vya dada yangu. Vilikuwa vimenizidi kidogo, nikavijaza pamba kwenye ncha. Nilidhani kazi ya mkalimani ni ya kukaa. Hakuna aliyeniambia kwamba mkalimani husimama tangu asubuhi mpaka hakimu anyanyuke, na kwamba mahakimu huwa hawana haraka ya kunyanyuka. Kufika saa sita miguu yangu ilikuwa inawaka moto. Nayasema haya kwa ajili yenu vijana mnaoingia masijala sasa hivi na suti zenu nzuri, maana juzi mmoja wenu alinipigia simu, "Sasa, Mama Karani," halafu akaniuliza kama ni lazima asimame siku nzima. Ni lazima, mwanangu. Nunua viatu vinavyokutosha.

Wakati ule tuliitwa makarani tu. Kazi yenyewe ilikuwa kumsomea mshtakiwa shtaka kwa lugha anayoielewa, kupokea jibu lake na kumpa hakimu kwa Kiingereza, kisha kumrudishia mshtakiwa maneno ya hakimu. Mimi ni mzaliwa wa Bokoli. Kibukusu nilinyonya kwa mama, Kiswahili nilikiokota sokoni, na Kiingereza nilikipata kwa viboko vya shule. Kitale ilinidai zote tatu kabla ya chai ya saa nne. Palikuwa na Wabukusu wenzangu, watu wa mlimani, Wakikuyu ambao baba zao walikuja kununua mashamba, na wachuuzi wa Suam ambao asubuhi wako kwetu na jioni wako Uganda. Wote hao wakifika mbele ya hakimu wanataka kuelewa wanaambiwa nini.

Mkubwa wangu wa kwanza alikuwa Hakimu Mkuu, mzee mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi nyuma ya shingo. Asubuhi ile aliniita ofisini kwake kabla ya kikao, akanitazama viatu, akanyamaza kuhusu viatu.

"Karani," akasema, "wewe ni bomba la maji. Yaliyoingia ndiyo yatoke. Usiyatie sukari, usiyatie matope. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Mheshimiwa."

Sikuwa nimeelewa. Kesi ya pili siku hiyohiyo ilikuwa ya mama mmoja aliyekamatwa na chang'aa, ile pombe haramu. Alikubali shtaka, na hakimu akampa nafasi ya kusema neno kabla ya hukumu. Wakili wake akasimama akaomba kwa Kiingereza kwamba mahakama iwe "compassionate". Akalisema neno hilo polepole, mkono kifuani, kama mtu anayeonja mchuzi. Mimi nikamgeukia yule mama nikamwambia kwa Kibukusu kwamba wakili anamwomba mzee amwonee huruma yeye na watoto wake maskini, wasije wakahangaika barabarani. Sauti ikanikwama, machozi yakanitoka. Yule mama kuona karani wa serikali analia akajua amekwisha. Akajitupa chini akapiga nduru, mpaka askari wa mahakama akamwinua kwa kwapa.

Hakimu Mkuu alingoja kelele ziishe. "Karani, wakili alilia?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Alitaja barabara?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Basi hayo maji umeyatoa kisima gani?"

Watu walicheka, hata mshtakiwa alicheka kidogo huku anafuta kamasi. Alitozwa faini ndogo, ndugu zake wakamtoa siku hiyohiyo. Lakini jioni mzee aliniita tena. Alikuwa anakula ndizi, akanikatia nusu. Nikamuuliza, kwa kuwa nilikuwa bado mtoto na sina haya, lile neno basi maana yake ni nini, maana kamusi iliyokuwa kwenye rafu ya masijala ilisema "mwenye huruma" halafu ikanyamaza.

"Mtu anayelia ni mtu anayelia tu," akasema. "Neno lile ni la mtu mwingine. Ukimwona utamjua. Hapa kortini usitarajie kumwona kila wiki."

Nilimpenda yule mzee. Alinifokea miaka yote niliyokaa Kitale, na kila nilipougua alituma mke wake aniletee supu.

Baada ya hapo nilianza kulisikiliza neno lile kama mtu aliyeambiwa kuna nyoka kwenye nyasi. Mawakili walilitumia pale utetezi ulipowaishia. Wakili mwenye hoja husema hoja yake, lakini asiye na hoja huiomba mahakama iwe compassionate. Wahubiri walilimwaga kila Jumapili. Wanasiasa nao walipoleta magunia ya mahindi wakati wa njaa waliitwa hivyo kwenye kipaza sauti, na wenyewe waliinamisha vichwa kwa unyenyekevu mkubwa. Mimi nilitafsiri "mwenye huruma" na kuendelea, bomba ni bomba.

Hata ofisi ilikuwa nalo. Ile ruhusa ya msiba, ambayo mfanyakazi hupewa akifiwa, kwa Kizungu imeitwa kwa neno hilohilo. Mama yangu alipofariki niliomba ruhusa hiyo kwa Msimamizi wa Mahakama. Kwa msiojua, hakimu anaamua kesi, msimamizi anaamua kalamu, viti, mishahara na nani ameshika funguo za choo. Wa Kitale alikuwa mtu wa Kisii, mkavu kama muwa uliokamuliwa. Alinipa siku za sheria na hata moja ya zaidi hakuniongeza. Nikasema moyoni, haya ndiyo wanayoyaita compassionate. Lakini siku ya mazishi, nikiwa naosha sufuria nyuma ya nyumba kule Bokoli, nikasikia shoka. Nikachungulia. Msimamizi wa Mahakama alikuwa amevua koti la kazi anapasua kuni za wapishi, hajamwambia mtu amefika. Alipasua mpaka jioni. Hakunipa pole kwa mdomo mpaka leo, na mimi sijamdai.

Kutoka Kitale nilihamishiwa Bungoma, na hapo ndipo nilipomwona yule mtu ambaye mzee aliniambia nitamwona.

Mkubwa wangu Bungoma alikuwa Hakimu Mkaazi, kijana kiasi, mzaliwa wa Pwani. Kiswahili chake kilinyooka hata nilimwonea haya kufungua mdomo. Nikisema, "Mheshimiwa, hii kesi iko tayari," yeye husema kwa upole, "Kesi hii ipo tayari, Karani," halafu tunaendelea. Kijana wa watu alikuwa anaganda kwa baridi ya asubuhi, anavaa sweta mbili chini ya joho, na hakuwa anajua chochote kuhusu sisi. Hilo la pili alilisema mwenyewe. Sijapata kufanya kazi na hakimu mwingine aliyekiri hivyo.

Ikaja kesi ya ng'ombe. Mshtakiwa aliitwa Wekesa, kijana mkulima wa Kabuchai, na alikuwa amefiwa na mke huku mtoto wao angali ananyonya. Shtaka lilisema aliiba ng'ombe wa maziwa kutoka boma la wakwe zake, pale nje kidogo ya mji. Mlalamishi alikuwa Wanjala, kaka wa marehemu. Ng'ombe alipatikana kwa Wekesa, kwa hiyo hapakuwa na ubishi kuhusu hilo. Polisi walimpiga picha ng'ombe, wakamrudisha kwa Wanjala mpaka kesi iishe, na Wekesa akakaa rumande kwa kukosa wa kumdhamini. Mtoto akabaki kwa dada yake. Wizi wa mifugo kwetu si wizi wa kuku. Ukipatikana na hatia unaenda ndani, na unakaa.

Utetezi wa Wekesa ulikuwa mfupi. Alisema alipewa ng'ombe yule na mama mkwe wake ili mtoto apate maziwa.

"Alikupa kwa mdomo wake?" akauliza kiongozi wa mashtaka, yaani yule anayeendesha kesi kwa niaba ya serikali.

"Hapana. Alituma Nasambu, jirani yake. Nasambu akaniambia nikuje nichukue."

"Nasambu yuko wapi?"

"Tulimzika mwezi uliopita."

Basi mnaona alipokuwa amekwama. Mtu mmoja tu duniani ndiye angeweza kumtoa, naye ni mama mkwe. Kwetu, kama hamjui, mama mkwe na mkwe wa kiume hawatazamani. Hawapeani mkono, hawali pamoja, hawakai chumba kimoja. Akipita huku yeye anapitia kule. Vijana wa mjini siku hizi wanakumbatiana na wakwe zao na kupiga picha, shauri yao, lakini yule mama alikuwa mtu wa zamani, na heshima hiyo ndiyo iliyokuwa nguo yake. Ndiyo maana alimtuma Nasambu tangu mwanzo.

Wakili wa Wekesa, binti mdogo aliyejitolea kumtetea bure, alimwita yule mama awe shahidi. Siku ikafika. Jina likaitwa mlangoni. Hakuna mtu. Likaitwa tena. Askari akatoka, akarudi akasema, "Mheshimiwa, yuko hapa nje chini ya dirisha, lakini amekataa kuingia. Nimemwambia ataingia kwa pingu, akaninyooshea mikono."

Ukumbi ukanong'ona. Kiongozi wa mashtaka akasimama. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kazi yake. "Mheshimiwa, hii ni ujanja tu. Ati hawezi kuingia. Si hapa ni korti bana, si nyumba ya mtu. Naomba shahidi akamatwe kwa kudharau mahakama, ama utetezi ufunge kesi yao."

Hakimu akamtazama binti wakili. Binti akatazama meza. Hapo sasa Wekesa akainua mkono kizimbani. Alizungumza Kiswahili mwenyewe, hakunihitaji.

"Mheshimiwa, naomba huyo mama aende nyumbani."

"Ni shahidi wako," akasema hakimu. "Huna mwingine."

"Najua."

"Unajua kifungo cha kosa hili?"

"Niliambiwa huko rumande."

"Una mtoto."

"Niko naye mmoja, msichana." Akameza mate. "Lakini huyo ni mama wa bibi yangu. Akisimama hapa aniangalie, na watu wote wakiona, kesho atatembea aje kwa hiyo kijiji? Nifungeni tu. Asiingie."

Nimesimama mahakamani maisha yangu yote. Nimesikia watu wakikana mashtaka, wakiapa kwa vyote, wakisingizia ndugu zao wa tumbo moja. Sijawahi kabla wala baadaye kumsikia mtu akiomba shahidi wake wa pekee arudi nyumbani. Nilikuwa nimesimama katikati yao wote, najua kila kitu, na nimefungwa mdomo, kwa kuwa bomba halina maoni.

Hakimu akanigeukia. "Karani, wewe ni wa huku. Ni kweli haya?"

Kiongozi wa mashtaka akaruka. "Mkalimani si shahidi, Mheshimiwa."

"Sawa. Si shahidi." Akasugua mikono yake ya baridi. "Basi, Karani, nenda nje ukamwulize mwenyewe. Usimwulize kwa nini hataki. Mwulize anaweza nini."

Maneno hayo nimeyabeba mpaka leo. Mwulize anaweza nini. Watu wote mle ndani walikuwa wanajadili asichoweza yule mama, na mgeni wa Pwani ndiye aliyeuliza hilo lingine.

Nilimkuta amekaa chini ya dirisha la ukumbi, miguu ameinyoosha, leso ameivuta mpaka kwenye nyusi. Mama mfupi, mikono mipana ya jembe. Nikamsalimu kwa heshima zote, nikampa swali jinsi nilivyopewa, sikutia sukari wala matope. Alifikiri. Akainua mkono akapiga ukuta nyuma yake, makofi mawili.

"Huyo mkubwa wako mwambie hivi," akasema kwa Kibukusu. "Hapa kuna ukuta. Mimi nikiwa huku na yule akiwa kule, nitasema mpaka achoke kusikia. Ukuta ni ukuta."

Nikarudi nikayasema. Kiongozi wa mashtaka akataka kujua shahidi atamtambuaje mshtakiwa bila kumwona. Hakimu akauliza kama kuna yeyote anayebisha kwamba Wekesa ni mkwe wa yule mama. Hata Wanjala mlalamishi alitikisa kichwa kwamba habishi. Ndipo Hakimu Mkaazi akainuka. Sote tukainuka naye, tukidhani kikao kimevunjwa. Akakishika kiti chake, kile kikubwa chenye nembo ya taifa mgongoni, akakibeba mwenyewe, joho linaburuta sakafuni. Askari akakimbia kumpokea, akamkatalia kwa kichwa. Akakiweka kando ya dirisha, akasukuma vioo, akakaa. Nyuma yake kizimba, Wekesa ndani yake. Mbele yake, nje, kilemba cha yule mama kikionekana kidogo tu juu ya kizingiti. Msimamizi wetu wa Bungoma, aliyekuwa mlangoni, alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Karani, mwapishe," akasema hakimu.

Nilisimama pale dirishani, nusu ndani na nusu nje, nikamwapisha mtu aliyekaa kwenye nyasi. Akasema yote. Binti yake alikufa, mjukuu anapewa uji wa maji. Ng'ombe yule mwekundu alikuwa wake yeye, alimnunua kwa mahindi yake, si wa mume wala wa mwana. Akamtuma Nasambu. Asubuhi mkwe alipokuja, yeye alijifungia jikoni.

"Ulimwona mshtakiwa akichukua ng'ombe?" akauliza kiongozi wa mashtaka.

Nilipomtafsiria swali hilo alinitazama kana kwamba nimemtukana. "Nimwone vipi, na ni mkwe? Nilisikia kwato. Nilisikia anamwambia ng'ombe twende polepole."

"Kwa nini hukumwambia mwanao Wanjala?"

"Kwa sababu angekataa. Mwulizeni, yuko humo, angekubali?"

Kila mtu akamgeukia Wanjala. Alikuwa anasoma viatu vyake.

Hukumu iliwekwa siku nyingine. Siku hiyo, kabla kikao hakijaanza, nilisikia Msimamizi anafoka huko nje. Maua yake, yale mekundu aliyoyapanda kando ya ua kwa mshahara wake mwenyewe na kuyamwagilia kila jioni, yalikuwa yanaliwa. Ng'ombe mwekundu alikuwa amesimama katikati yake, anatafuna taratibu. Aliyeshika kamba alikuwa Wanjala. Hakunitazama. "Mama amesema nimlete," akanong'ona, kama mtoto aliyetumwa dukani. Na chini ya dirisha, pale pale, mama yake ameinyoosha miguu.

Hakimu aliingia, akakiona kile kilemba, akaenda akafungua dirisha kabla hajakaa. Akasoma hukumu yake kwa sauti ya kufika nje. Wekesa akaachiliwa huru, na ng'ombe arudishwe Kabuchai.

Binti wakili akasimama, macho yamemjaa, akaishukuru kwa Kiingereza "mahakama hii compassionate." Nikajiweka tayari kutafsiri kama kawaida, mwenye huruma, tuendelee. Lakini hakimu alimkatiza.

"Wakili, neno hilo sikulifanyia kazi. Mimi nimesogeza kiti tu. Wenye nalo ni wawili, na ukuta kati yao." Akanigeukia. "Tafsiri, Karani."

Nikachungulia dirishani. Kamusi ya Kitale haikunifaa kitu. Kumwambia yule mama kwamba ana huruma kungekuwa kama kumsifu mtu kwa kuwa na pua. Nikamwambia kwa Kibukusu, "Mkubwa anasema wewe ulibeba aibu ili yule asifungwe, na yule alikubali kufungwa ili wewe usibebe aibu. Anasema ameona." Hayo ndiyo maji yaliyoingia, na nawaapia hayakuwa na sukari.

Yule mama alichuna majani. Halafu akasema, "Mwulize, mtoto ameanza kusimama?"

Nikamtazama hakimu. Kesi ilikuwa imekwisha, na hakuna sheria niliyoijua inayompa karani kazi hiyo. Nasambu alikuwa amekufa, na hapakuwa na mtu mwingine wa kulipitisha swali lile. Hakimu akasema kwa sauti ndogo, "Si umeulizwa? Endelea."

Nikamgeukia Wekesa, ambaye alikuwa angali kizimbani, hajui kama anaruhusiwa kushuka. "Mama anauliza kama mtoto ameanza kusimama."

"Mwambie sijui," akasema. "Nimekuwa ndani. Mwambie naenda kumwona sasa hivi."

Nikamwambia.

"Basi mwambie apitie mlango wa nyuma," akasema yule mama, akijiinua kwa kushika ukuta. "Mimi napita huku mbele. Na ng'ombe asimkimbize, ana mimba."

Nikayatafsiri hayo kwa Kiingereza pia, ili yaingie kwenye kumbukumbu za mahakama, na sauti haikukwama hata kidogo, ingawa uso ulikuwa umelowa chapachapa. Hakimu hakuniuliza kisima gani. Alikuwa anafuta miwani, na hakuwa mtu wa kuvaa miwani. Aliiazima mezani kwa wakili.

Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo, chini ya wakubwa wengine, wengine wazuri, wengine Mungu awasamehe. Nilistaafu palepale Bungoma. Kwenye sherehe yangu Msimamizi mpya alisema kwa kipaza sauti kwamba nilikuwa compassionate, nikacheka moyoni, maana ndiye aliyeninyima likizo. Keki ilikuwa nzuri. Nikarudi Bokoli kulima mboga na kugombana na tumbili.

Binti yangu Naliaka ameolewa Kitale, kwa Njoroge, kijana muuza mbegu na mbolea, wa hizo familia za Wakikuyu walionunua mashamba. Kwao hawana habari ya kukwepana na mama mkwe. Siku ya kwanza alipokuja kwetu alininyooshea mkono, mimi nikatimua mbio kama mwizi, nikaingia jikoni nikajifungia. Maskini alidhani nimemkataa. Naliaka akamweleza. Tangu siku hiyo akija anapiga honi getini na kungoja nipate pa kwenda. Mimi ni mtu niliyesoma, nimetafsiria mahakimu, lakini heshima ile ni ya mama yangu, siwezi kuivua.

Msimu uliopita goti langu lilivimba asubuhi moja, nikashindwa kukanyaga chini. Nikampigia Naliaka. Yeye alikuwa safarini, jirani mwenye gari alikuwa hayupo, na barabara yetu mvua ilikuwa imeivuruga, hata wa bodaboda walikataa mgonjwa. Mwenye gari la kupita pale alikuwa Njoroge peke yake. Nikamwambia Naliaka hapana, nitakaa nalo, litapungua. Nilikuwa nalia, nawaambia ukweli, na goti lilikuwa limefika ukubwa wa boga.

Akakata simu. Baada ya muda mfupi akapiga tena. "Mama, Njoroge anauliza utaweza nini."

"Amesemaje?"

"Amesema hivyo. Nisikuulize kwa nini hutaki. Nikuulize utaweza nini."

Sijawahi kumsimulia yule kijana kesi ya ng'ombe. Sikuwahi kusema naye neno lolote, ningemsimulia vipi? Nilihamisha simu sikio la pili. Halafu nikamwambia, "Mwambie nitaweza kama nitakuwa nyuma na yeye mbele, na asigeuke."

Alikuja na jirani mwanamke wa kunishika. Gari alilirudisha kinyumenyume mpaka mlangoni, na hakuteremka. Nilipoketi kiti cha nyuma na leso yangu nimeivuta mpaka kwenye nyusi, niliinua macho kidogo kwenye kile kioo cha ndani ambacho dereva humwonea aliye nyuma. Alikuwa amekigeuza. Kilikuwa kinatazama dari ya gari.

Njia nzima hakugeuka. Alipoona shimo alikiambia kioo cha mbele, "Kuna shimo," akapunguza mwendo, nami nikaliambia dirisha, "Asante." Kulikuwa na mashimo mengi. Tulipofika hospitalini alishuka kwanza, akatembea mpaka getini, akasimama amenipa mgongo, mikono mfukoni, mvua inamnyeshea, mpaka muuguzi aliponishusha na kuniingiza ndani.

Kijana mmoja aliyekuja siku hiyohiyo kunitazama wodini, karani mpya wa masijala, aliniuliza lile neno compassionate mimi hulitafsiri vipi, kwa kuwa ameambiwa nilikuwa hodari. Nikamwambia aende dirishani amwangalie yule mtu wa getini. Akaenda. Akasema, "Mama Karani, yule si anangojea tu?"

"Ndiyo," nikamwambia. "Andika hivyo."